Simu ya Ndiva ya Chome

Jumatatu, 3 Novemba
Baragumu limelia, nimemwagilia, nimerudi kunywa chai. Kisha habari yenyewe! Yule mwandishi wa shirika kubwa la habari aliyekuja kunihoji ametoa makala yake, kuhusu kampuni za teknolojia zinazobadilisha dunia. Yetu ni ya tatu. Na picha yangu, nimesimama kama waziri. Mimi, wakala wa kampuni hapa Chome, darasa la saba sikumaliza, lakini Lubumbashi nimefika kwa lori. Nani mwingine mlimani?

Jumanne, 4 Novemba
Mwalimu amenisomea kile Kiingereza chote. Nilidhani nilitia chumvi kidogo. Kumbe nilimwaga gunia. Eti kijiji kizima kinapata zamu ya maji ya ndiva, bwawa letu la tangu mababu, kwa programu ya simu. Eti baragumu limenyamaza. Nilisema mimi. Anayetumia programu ni mimi peke yangu. Wengine wanamsikiliza Mama Naelijwa, mlinzi wa ndiva, akipuliza.

Jumatano, 5 Novemba
Bosi amepiga kutoka Dar. Anakuja Ijumaa na watu wa televisheni. Nikisema kweli, kazi imekwisha. Nikinyamaza, naumbuka mbele ya kamera. Kukimbilia Same? Same nzima inanijua, nilihakikisha mwenyewe.

Alhamisi, 6 Novemba
Msaragambo, kijiji kizima tunazibua mfereji. Nimekiri, tope magotini. Wamecheka mpaka majembe yakawatoka. Mama Naelijwa hakucheka. Shikamoo yangu hakuiitikia.
"Umenizika nikiwa hai, mwanangu?"
Jioni kapita mlangoni kwangu. "Wewe mjinga. Lakini mjinga wetu."

Ijumaa, 7 Novemba
Kijiji chote kando ya ndiva, simu juu. Nusu hazina chaji. Mzee mmoja kainua rimoti ya televisheni. Bosi karibu alie kwa furaha. Halafu, kamera ikiwaka, akaomba baragumu likawe kumbukumbu ofisini kwake, si limestaafu? Mama Naelijwa akanitazama. Nikaangalia viatu vyangu. Akalitoa mwenyewe, akampa.
Huo ndio uongo wangu mbaya kuliko wote, na sikufungua hata mdomo.
Gari lilipoondoka akasema, "Tumekuficha. Sasa simu ni wewe. Kuanzia kesho alfajiri, nyumba kwa nyumba, uwaambie zamu zao."

Jumapili, 9 Novemba
Maji hayajui Jumapili. Nimezunguka kabla ya ibada, nimesinzia kwenye mahubiri. Kazi ya kampuni bado ninayo. Hii ya alfajiri siwezi kuiacha, siwezi kusafiri, hata kuugua siwezi. Nimefungwa bila mlango. Nimempigia bosi arudishe baragumu. Kasema limependeza sana ukutani.

Jumatatu, 10 Novemba
Nyumba ya mwisho, kwa Bibi Namkunda, mjane, nyuma ya kilima. Nimebisha, nimemwambia zamu yake imefika. Kanitazama sana. Miaka yote hiyo sauti ya baragumu haikuwahi kuvuka kile kilima. Alikuwa anachota masalio ya maji ya wengine.
Kachukua jembe, kafungua mfereji wake. Nimesimama kuangalia maji yakiingia kwenye mahindi. Haya nimeyaandika bila chumvi.