Sanduku la Nyoka

Jumatatu, 5 Machi 1979

Mvua tangu alfajiri. Nimefagia baraza, nimechemsha sindano. Kisha ukaguzi wa kufungua zahanati, kama kila siku. Mganga Festo anasimama mlangoni na kuita, mimi niko ndani najibu. Kabati la dawa? Lipo. Kitanda cha uzazi? Kipo. Wagonjwa barazani husikiliza na kutaniana, wengine wanajibu pamoja nami. Sanduku la nyoka? Halipo. Liliondoka juzi na gari la kwenda mpakani. Vitani dawa ya sumu ya nyoka inahitajika zaidi, hakuna anayebisha.

Nilidhani ataendelea. Akafunga mlango! Kanuni yake: kimoja kikikosekana, hatufungui mpaka wilayani wajibu. Watu wanaotetemeka kwa malaria wamerudishwa makwao kwa ajili ya sanduku tunaloligusa kwa nadra. Nimeduwaa mpaka sasa hivi.

Jumanne, 6 Machi

Bado kumefungwa. Mama mmoja amejifungulia barazani, juu ya khanga yangu. Kitanda cha uzazi kiko pale pale nyuma ya kufuli. Mtoto mzima, namshukuru Mungu.

Nimemwambia Mganga: likikosekana kabati la dawa, funga, nitakuelewa. Hili la nyoka ni la ziada. Akasema akianza kuruka kimoja leo, kesho ataruka kabati lenyewe. Ana hoja. Ndiyo maana ananikera zaidi.

Ijumaa, 9 Machi

Sanduku limerudi! Mganga amelileta mwenyewe kwa baiskeli. Kijani kilekile, lina kufuli. Anasema wilayani wametukumbuka. Ufunguo anakaa nao mfukoni. Nimejibu "Lipo!" kwa sauti mpaka baraza zima likapiga makofi.

Kabula alikuwepo. Jirani yangu, Msukuma, yeye na mumewe Masanja walihamia kijijini hapa mwaka mmoja na mimi nilipotoka kwetu Ngara. Amesema afadhali. Masanja anashinda bondeni akichunga, na nyasi sasa zinamfika kiunoni. Jioni ameniletea maziwa. Siku njema, nitalala vizuri.

Jumatano, 14 Machi

Sijui niandikeje.

Masanja ameumwa na swila. Ndugu zake wamemleta juu ya kitanda cha kamba, mbio. Njia panda ya kwenda hospitali ya misheni walisimama wakabishana. Kule dawa ya nyoka ipo siku zote. Lakini sisi ni karibu, na sanduku letu limerudi, kijiji kizima kinajua. Wakaja kwetu.

Nikaomba ufunguo. Mganga akasimama tu, jasho linamtoka. Nikauchukua mwenyewe mfukoni mwake. Nikafungua.

Matofali mawili, yamefungwa kwa gazeti.

Nilidhani dawa iko chini yake. Nikayatoa. Nikapapasa mbao. Hakuna kitu. Tukakigeuza kitanda, nikakimbia nao matopeni kuelekea misheni, nimepoteza kiatu kimoja sijui wapi. Masanja amekata roho kabla hatujaifikia njia panda.

Kabula alitukuta hapo njiani. Alisema hili tu: "Nesi, si nilikusikia mwenyewe ukisema lipo?"

Alhamisi, 15 Machi

Mganga hakubisha. Lilikuwa sanduku la misumari, alilipaka rangi nyumbani kwake. Alitaka mlango ufunguke, basi, na kanuni isivunjwe. Amelia mbele yangu, mtu mzima yule. Namwonea huruma na ninamchukia. Chuki ndiyo nyingi.

Ningejibu "Halipo" na mlango ukafunguliwa hivyo hivyo, wale ndugu wasingebishana pale njia panda. Wangenyoosha misheni. Nalirudia hilo kichwani, silali.

Nimekwenda msibani. Nimekaa nyuma kabisa. Hakuna aliyenifukuza.

Jumatatu, 19 Machi

Mvua imekatika. Kabla ya ukaguzi nimefungua kila kitu, nimetazama ndani kwa macho yangu. Mganga safari hii amesimama katikati ya baraza.

Kabati la dawa? Lipo. Kitanda cha uzazi? Kipo. Sanduku la nyoka?

Halipo.

Akawageukia watu. "Mmesikia. Aliyeumwa na nyoka asisimame hapa, apelekwe misheni moja kwa moja. Waambieni na wa nyumbani. Wengine karibuni ndani." Akafungua mlango.

Kabula alikuwa wa kwanza. Ametoka msibani kwa sababu mtoto wake ana homa. Nimempima, nimemwambia ni malaria, dawa yake ipo. Akaniuliza kama ipo kweli.

Nimemshika mkono, nikalifungua kabati, nikamwonyesha.