Sweta ya Sufu na Ndevu Zangu

Mpwa wangu Akinyi,

Huku Kibera tuko sawa. Goti la mama yako limepoa, amerudi kuuza mboga za sukuma kule Silanga. Umeniuliza kama nimewahi kusikia sisteini, hiyo asidi amino yenye salfa mnayosoma chuoni. Kusikia? Mimi niliinusa kabla hujazaliwa!

Nilikuwa kijana, nauza mitumba Soko la Toi. Mama mmoja akanipigia kelele mbele ya wateja wangu wote: "Sufu gani? Hii sweta ni plastiki, mwongo wewe!" Jina langu likawa linaharibika hivyo. Nikachomoa uzi mmoja, nikauwasha. Haukuyeyuka kama plastiki, ila ulinuka vibaya.

"Hiyo ni harufu ya nini?" yule mama akauliza.

Nikang'oa unywele wa ndevu zangu, nikauchoma pia. Akanusa huku, akanusa kule, harufu ni ile ile, akacheka: "Kumbe wewe ni kondoo!" Akainunua. Harufu ilifika Kawangware, haki ya Mungu.

Kwa hivyo ile salfa iko kwa kondoo na kwangu pia. Lakini yai bovu nalo linanuka hivyo hivyo kidogo. Ni sisteini hiyo hiyo? Muulize mwalimu wako upesi, maana hapa sokoni nimeshawaambia watu ni yenyewe.

Mjomba wako,
Odhiambo