Shuka la Mama na Mpira wa Mwisho

Baba yangu mpenzi,

Huu ni mwaka wa pili tangu utuache, na filimbi yako sasa ninaipuliza mimi. Nakumbuka ulivyonifundisha urefa mezani jikoni, vikombe vikiwa wachezaji na sufuria ikiwa kikapu, mpaka Mama akatutishia kwamba chai ikipoa atazinywa timu zote mbili.

Unaikumbuka sheria yako ya nguo? Kiwanja chetu kiko katikati ya nyumba za Makongeni, na kamba za kuanikia zinapita karibu kabisa na kikapu. Akina mama walipochoka kufua mara mbili, ukaamua kwamba mpira ukigusa nguo umekufa, hata ukiingia hauhesabiwi. Kitabu cha sheria hakina kamba wala nguo, lakini hakuna aliyekubishia. Na palipokuwa na utata ulikuwa na dawa moja tu: "Rudieni." Mara nyingine walirudia mpaka wakasahau walichokuwa wakigombania, nami nilikucheka sana.

Sasa sikia ya Jumamosi. Ilikuwa fainali, sisi na timu ya mtaa wa Jericho. Walikuwa mbele kwa pointi moja, sekunde chache zimebaki, na mpira alikuwa nao Kimani, kitindamimba wako. Tangu asubuhi Jericho walikuwa wakinung'unika kwamba dada hawezi kuchezesha mechi ya ndugu yake kwa haki, na nilijua nikikosea mara moja tu sitapewa mechi nyingine. Kimani akarusha. Upepo ukavuma, shuka likainuka kwenye kamba, likaupapasa mpira hewani, na mpira ukaingia. Makongeni nzima ikamiminika uwanjani ikirukaruka.

Nikapuliza, nikakataa kikapu.

Kimani akanijia akihema. "Sista, mpira haijagusa shuka. Ni shuka imekuja ikagusa mpira."

Nakiri, Baba, hoja ilikuwa tamu, na nilitamani kumkubalia. Lakini nilikwenda kwenye kamba nikalikagua lile shuka. Palikuwa na alama ya vumbi katikati ya maua yake. Sheria uliiweka kwa ajili ya anayefua, na anayefua hajali ni nani aliyemfuata mwenzake. Nikawaonyesha wote. Jericho wakashangilia, wetu wakanizomea. Shuka lenyewe lilikuwa la Mama, tena asubuhi alikuwa amemwagiza Kimani alianue kabla ya mechi.

Siku mbili Kimani alinikwepa. Jumatatu nikamkuta bombani akilifua, Mama amemsimamia.

"Mzee angesema turudie," akasema bila kuinua uso.

"Angesema," nikamjibu. Nikashika upande wa pili tukalikamua pamoja, naye akanirushia maji kwa makusudi.

Ni kweli ungesema hivyo. Kila mechi, kabla ya kupuliza, nilikuwa natazama kwanza pale pembeni ulipozoea kusimama. Jumamosi sikutazama. Niliamua nilichokiona kwa macho yangu, na sikuona haja ya kurudia. Hilo nililigundua pale bombani, mikono imejaa povu. Nikafurahi, halafu nikakulilia kidogo, na Kimani akadhani ni sabuni.

Pumzika vyema, Baba. Sisi huku tuko sawa.

Ni mimi,
Binti yako wa kwanza