Mtori wa Kurudisha Ubongo

Old Moshi, Jumanne

Kosa ni la daktari. Nani alimtuma amweleze shangazi kwamba ubongo wa mtu umejaa mafuta? Aliendelea kusema kuwa Baba, baada ya kile kiharusi, asipewe kabisa mafuta ya ng'ombe kwa sababu yanaziba mishipa, lakini shangazi alikuwa ameshaacha kusikiliza.

Leo kapanda kutoka Himo na sufuria ya mtori wa ndizi na nyama, mafuta yametanda juu.

"Kilichopungua kichwani ndicho tunachorudisha," akaniambia.

Nikakataa. Nikaitwa msomi.

Tukiwa tunanyang'anyana mwiko, Baba, ambaye hajatamka neno tangu aanguke, akachovya kidole, akalamba, akasema wazi kabisa: "Hauna chumvi."

Mimi nikalia. Shangazi alikuwa ameshapiga simu kutafuta mbuzi aliyenona.