Kona ya Zulia la Mama Zuhura

Jumapili, 13 Julai

Nimetoka kanisani, nimebandika maharage, nimesahihisha madaftari ya darasa la nne. Wageni wa mahari ya binti yangu Ghati waliondoka jana wakiwa wameshiba na kuridhika. Limebaki jambo moja. Kukunja zulia la kuazima na kulirudisha.

Nimesogeza kochi. Lo, harufu! Kona yote ya nyuma imelowa. Afande, paka wangu, amekojoa hapo, na si mara moja. Kosa ni langu. Nilimfungia sebuleni asifikie nyama ya wageni jikoni.

Zulia ni la Mama Zuhura, jirani yangu hapa Morotonga, muuza vitenge sokoni. Aliachiwa na marehemu mama yake, Tanga. Ijumaa anamsomea mama huyo hitima. Wanawake watakaa juu ya zulia hili, watasali juu yake. Mkojo kwao ni najisi. Naogopa.

Jumatatu, 14 Julai

Maji ya moto na sabuni ya unga. Nimesugua kabla ya kwenda shule mpaka mgongo ukaniuma. Niliporudi harufu imezidi, ni kama maji ya moto yameiamsha. Afande amekuja akanusa, akachutama tena pale pale. Nimemrushia kandambili. Nimemkosa.

Jumanne, 15 Julai

Leo nimefanya ujinga wa kwetu. Bibi yangu kule Susuni, kibuyu cha maziwa kikianza kunuka, alikifukiza kwa kijinga cha moto mpaka kikanukia vizuri. Nikajiambia, zulia na kibuyu vina tofauti gani? Nimelitundika juu ya moshi nyuma ya jiko, saa nzima, nalisimamia kama mtu mwenye akili.

Sasa linanuka mkojo na moshi kwa pamoja. Ghati amecheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka.

Jioni Mama Zuhura amepita kuulizia zulia. Nimemwambia bado nalianika, lilishika vumbi la wageni. Sisi Wakurya tunasifiwa kwa kumwambia mtu ukweli usoni. Mimi nimemdanganya nikiwa nimemkazia macho. Ameniamini, akanishukuru. Hilo ndilo limeniumiza.

Kuna chupa ya manukato kabatini. Nikipulizia na kunyamaza, atasujudu asijue. Nimewaza hivyo kabisa. Aibu.

Jumatano, 16 Julai

Nimemwambia.

Nimeomba ruhusa shuleni, nimebeba zulia begani hadi mlangoni kwake. Nimesema yote. Paka, maji ya moto, moshi, uongo wa jana. Ameinama, amenusa. Kisha:

"Mama Ghati, paka ni mnyama tu. Lakini wewe, ungeniacha nisujudu kwenye mkojo?"

Nimelia, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili.

Ameingia ndani. Nikajua basi, miaka kumi na moja ya kuombana chumvi imeishia hapo. Ametoka na ndoo mbili na chupa ya siki.

"Vua viatu, shoga. Na maji ya moto usiniletee hapa."

Maji baridi. Tumemwaga, tumekanyaga, tumekamua, tumemwaga tena. Kisha siki kidogo kwenye maji, tukaiacha ipenye hadi chini. Halafu maji matupu, mengi, mpaka yakatoka safi. Kila baada ya ndoo alipiga magoti akanusa. Hana haraka kabisa. Moshi umetusumbua kuliko mkojo. Nilipomweleza habari ya kibuyu cha bibi amecheka hadi akashika ukuta. Hapo ndipo nimepumua.

Alhamisi, 17 Julai

Jua kali na upepo. Zulia juu ya uzio, nimeligeuza mara nne. Halinuki. Siamini pua yangu. Nimemwita Ghati, naye hasikii harufu yoyote. Upande wa chini una unyevu kidogo tu.

Afande nimemwekea beseni la mchanga. Ameliangalia kwa dharau, kisha amelitumia. Nimefurahi kupita kiasi kwa jambo dogo namna hiyo.

Ijumaa, 18 Julai

Hitima imekwenda vizuri. Nimejitanda kanga, nimekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Sikuelewa kisomo, ila pa kuitikia amina nimeitikia. Pilau ilitosha watu wote.

Alasiri ilipofika wanawake wamejipanga kusali. Nafasi zilikuwepo nyingi. Mama Zuhura amepita katikati yao, ameenda kusimama kwenye ile kona ya zulia. Ameinama, ameweka paji la uso pale pale, amekaa hivyo muda mrefu.

Nimetoka uani, nimeanza kuosha masinia.