Mota Uliyoiita Mgeni

Fundi,

Kaa chini kwanza. Nina habari, na ninavyokujua, ukiisikia ukiwa umesimama utaanza kubishana kabla sijamaliza.

Nimejua Mgeni alikuwa anafanya kazi gani.

Ndiyo, Mgeni yule yule. Ile mota nzito ya kijani iliyokaa chini ya meza yetu ya kazi pale Kiwanjani miaka yote niliyojifunza kwako, na hata kabla sijaja. Uliiokota kwenye rundo la vyuma, kibati chake kimeng'olewa, yamebaki matundu manne tu ya ribiti. Ukaiita Mgeni kwa sababu imeingia kwako bila kusema imetoka wapi. Kila mara Mama Kendi akituletea chai ya saa nne aliigusa kwa ncha ya kiatu akakukumbusha: "Baba Kendi, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Na wewe ukamjibu kwamba huwezi kumpa mtu jembe kabla hujajua kama ni mkulima.

Nimekukumbuka sana, Fundi. Nilidhani nitakuja kulisema hilo mwisho wa barua, kwa adabu, lakini limetoka lenyewe.

Huku tuko salama. Mvua ilinyesha wiki mbili baada ya kukuzika, na Mama Kendi akasema umekwenda kuwasumbua huko huko juu mpaka wakafungua mifereji. Koti lako la kazi ninalivaa mimi. Mikono ni mirefu, naikunja mara tatu. Wateja bado wanafika na kuuliza, "Fundi yuko?" Mwanzoni nilikuwa nawaambia habari zako. Siku hizi nasema, "Yuko, ni mimi," kisha naangalia sura zao. Ungecheka sana.

Lakini mwenye ploti alitaka kibanda chake. Alitupa notisi kwa heshima, hatukugombana, nami nikapata chumba kidogo huku Burat. Kidogo kweli. Mama Kendi akatoa amri: mtu wa skrapu anakuja Jumamosi na mkokoteni, na kila chuma ambacho Akiru hawezi kusema kazi yake, kinaondoka. Nikamwomba amwache Mgeni. Akasema, "Kazi yake ni gani?" Unakumbuka ni nani aliyetufundisha sote kwamba mota isiyojulikana kazi yake ni jiwe lenye waya?

Sasa nikuambie jambo ambalo limekuwa likinichoma. Siku ile ya mwisho hospitalini, tulipokuwa tunabishana, wewe ukisema Mgeni ni wa posho mill ya kusaga mahindi kwa sababu ya unga, na mimi nikisema ni wa pampu ya maji kwa sababu ya kutu, nilikuambia nimeifungua tena asubuhi ile na nimehakikisha. Nilikudanganya. Sikuwa nimeigusa. Nilitaka tu ukasirike, kwa sababu ukikasirika sauti yako ilikuwa inarudi. Nawe ukanitazama kwa jicho moja, ukasema, "Enda uangalie tena." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kwako. Wengine huachiwa baraka. Mimi niliachiwa kazi, nami sikuifanya. Nilikuwa naogopa kuinama chini ya meza ile.

Basi Alhamisi nikainama. Mimi na Mama Kendi tuliivuta Mgeni, yeye mbele mimi nyuma, tukaipitisha kwenye kizingiti vibaya ikapinduka, ikalala miguu juu kama mende. Mama Kendi akaanza kucheka. Mimi nilikuwa nimeduwaa. Unakumbuka vile vikombe viwili vidogo vya kutilia mafuta, kimoja kila upande, ambavyo midomo yake ilitazama chini hadi mafuta yakawa yanamwagika? Ulisema aliyeifunga mota hiyo alikuwa amelewa. Fundi, hakuwa amelewa. Ilipokuwa miguu juu, vikombe vyote viwili vilitazama mbinguni vizuri kabisa. Mgeni hakuwahi kusimama. Alikuwa ananing'inia! Miaka yote tulikuwa tumemsimamisha kichwa chini, kisha tukamlaumu kwa kumwaga mafuta.

Nikauliza swali lako: hii mota ilikuwa inaogopa nini? Uliniambia kila mota ina kitu inachokiogopa, ama vumbi, ama maji, ama mzigo, na ukikijua hicho umeijua mota. Hii ilipandishwa juu ili iepuke kitu kilichokuwa chini. Nikafungua kifuniko. Ule unga ulikuwa bado umegandamana pembeni, ule ushahidi wako uliokataa kuufuta. "Unga ndio huu!" ulikuwa ukisema. "Posho mill!" Nikaukwangua kwa kisu, nikawa nauangalia kwenye kiganja, na Mama Kendi akatumbukiza vidole vyake bila kuombwa. Akasugua. Akasugua tena.

"Hii si unga ya ugali," akasema. "Hii ni ya chapati."

Nikamwambia umekaa miaka mingi, labda umelainika. Akaniangalia vile alivyokuwa anakuangalia wewe. "Akiru, nimekanda unga tangu hujazaliwa. Ya mahindi inakwaruza hata ikizeeka. Hii ni ngano."

Unaona tulichofanya? Mtu wa huku akisema unga, anaona sima. Uliona unga ukasema unga, na mimi nikakubali ni unga, tukabishana juu ya kutu na mkanda na kila kitu kingine, na hakuna kati yetu aliyeuliza ni unga wa nini. Jibu lilikuwa linakuletea chai saa nne kila siku, Fundi, na chapati mbili juu yake, nawe unaliambia lisisogee karibu na nyaya.

Ngano, na mota inayoning'inia darini. Ijumaa nikaenda kwa Mzee Abdi, yule wa duka la vitambaa, maana watu walisema ujana wake ulipita kwenye mikate. Nikamsalimia, "Salaam aleikum, mzee," naye akafurahi, akaniketisha. Nikamweleza ile mota, na nilipofika kwenye rangi ya kijani akaacha kukunja kitambaa.

"Hiyo ilikuwa inakaa juu," akasema. "Wallahi, mimi ndio nilikuwa naipanda na ngazi kuweka mafuta. Mkanda inashuka chini kwa karai kubwa ya kukanda. Na kando kuna pipa ya maji moto, mvuke tu, mvuke tu."

Mvuke! Kutu yangu ni hiyo. Kwa hiyo wewe ulikosea na mimi nilikosea, lakini kila mmoja alikuwa ameona kitu cha kweli.

Nikamuuliza kuhusu kibati. Akaona haya, mzee mzima. Akaingia ndani akarudi na kipande cha shaba chenye mpini wa mti, upande mmoja umenolewa. Alikuwa amekibandua kibati akakifanya kisu cha kukatia donge la unga. Maandishi yote yameliwa na unga. Lakini ukingo wa juu una matundu mawili, na nilipokipeleka Kiwanjani nikakiweka kwenye ubavu wa Mgeni, yakalingana tundu kwa tundu. Nililia hapo, nikipiga magoti sakafuni, na Mama Kendi akadhani nimejikata.

Hiyo si habari yenyewe bado. Kaa.

Nilikuwa nimemuuliza Mzee Abdi, bekari hiyo ilikuwa wapi. Nyuma ya soko, akasema. Nikamuuliza zilikuwa ngapi. Akacheka. "Wakati huo? Moja tu."

Fundi. Mkate wako. Ule ambao baba yako alikununulia nyuma ya soko la Isiolo, siku mlipoteremka kutoka Meru na ndizi na wewe hujaanza hata shule, ukaula moto ukiwa umesimama, ukachomeka ulimi. Ule ambao ulitusimulia kila mara tuliponunua mkate wa duka, ukaubonyeza kwa kidole na kusema, "Hii ni sponji." Ulitafuta ladha ile maisha yako yote, na aliyeukanda alikuwa miguuni pako. Ulikuwa unampiga teke kila ukivuta stuli.

Jumamosi mtu wa skrapu aliondoka bila Mgeni. Nimemfunga waya upya, nimempaka vanishi, nimemkausha juani siku tatu kama ulivyotaka zikaushwe zote. Sasa yuko kwenye kibanda cha Mama Kendi cha chapati, amening'inia juu kwenye boriti mahali pake, mkanda unashuka kwenye karai. Hana kelele kabisa. Mama Kendi anasema umemwachia mfanyakazi asiyebishana, wa kwanza kutoka kwako.

Na dau letu? Ulisema ukikosea utakunywa chai ya maziwa ya ngamia, yale yenye harufu ya moshi, bila kukunja uso, wewe uliyesema mtu hawezi kunywa moshi. Mimi nikikosea ningekuita Fundi Mkuu mbele ya wateja mwezi mzima. Basi nimeanza kulipa. Wateja wanapouliza nilijifunzia wapi, nasema, "Kazi hii alinifundisha Fundi Mkuu." Na ya kwako tuliipika tukaiweka karibu na karai siku Mgeni alipoanza kazi. Mama Kendi akakunywea. Alikunja uso wako kabisa, ule ule.

Lala sasa. Mimi nakuahidi hivi: kila chuma kitakachonijia bila jina nitakigeuza juu chini kabla sijasema neno, na kila unga nitauuliza jina lake la pili. Kisu cha shaba Mzee Abdi ametuachia. Kiko pale pale kwa Mama Kendi, kinakata donge.

Mgeni amepata jembe lake. Na mimi, Fundi, nimeenda. Nimeangalia tena.

Wako katika koti lako,
Akiru