Kiti cha Kukaa Barazani

Bariadi,
12 Machi 1995

Mwanangu Generoza,

Mwadila, mayu. Natumaini hujambo, na mjukuu wangu hajambo. Sisi huku tunavuta siku. Mama yako hasimami tena. Ubavu wa kushoto wote umekufa ganzi. Jirani yetu Dorkasi ndiye anayemwogesha. Kutwa anatazama ukuta, na anataka kitu kimoja tu: akae barazani aone watu wanaopita kwenda gulioni.

Namtengenezea kiti cha mninga, chenye mikono na egemeo refu. Unajua useremala wangu ni wa kujifurahisha; tangu nipunguzwe kazi kule ghala la pamba, ndio unaonishughulisha. Kiti kimoja kinanila mwezi mzima, na bado miguu hailingani. Wewe unawapikia mafundi kila siku. Niulizie, wao wanafanyaje upesi?

Baba yako,
Mayala

Mwanza,
2 Aprili 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi na mtoto ni wazima, ila moyo haujatulia. Nilimuuliza fundi Januarius akiwa anakula. Akacheka: "Mzee anapima kila mguu peke yake? Mwambie afunge miwili ya mbele pamoja, na ya nyuma vivyo hivyo, apige mstari mmoja, akate." Na matundu ya kuingizia ndimi za mbao, anasema, usianze na patasi. Toboa kwanza kwa keke, vitundu vitatu vinavyofuatana, ndipo patasi isafishe.

Natamani kuja. Lakini nikiacha jiko wiki moja, mwingine atashika nafasi yangu. Tangu kiwanda cha nguo kitupunguze, wapishi hapa tunakaribia kuwazidi walaji. Mwambie mama nitakuja mwezi wa sita.

Binti yako,
Generoza

Bariadi,
30 Aprili 1995

Mwanangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mtoto. Huyo fundi ana akili! Miguu sasa inalingana, na matundu yaliyokuwa yakinila siku mbili nimeyamaliza asubuhi moja. Nilimwita mama yako kupitia dirisha: "Kiti chako hiki hapa, kinakaribia kwisha!" Akajibu, "Mwambie Generoza aje anikalishe yeye."

Uji anaumeza kwa shida. Usichelewe, mayu.

Baba yako,
Mayala

Mwanza,
11 Juni 1995

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Mtoto aliugua surua, na mama mmoja ameshaweka mafiga yake kando ya yangu. Mwezi huu sitaweza kuja. Januarius anasema ukate kigezo cha mkono wa kiti kwa ubao mwembamba. Ukiwa nacho hutapima tena. Je, mama anakaa barazani? Niandikie anavyokaa.

Binti yako,
Generoza

Bariadi,
20 Agosti 1995

Generoza mwanangu,

Mwadila. Natumaini mtoto amepona.

Kiti kilikamilika tarehe sita Mei. Mimi na Dorkasi tulimbeba mama yako tukamkalisha. Hakuweza, kiuno kilikuwa kimeishiwa nguvu, akawa anateleza mbele. Tukamfunga kwa kanga kwenye egemeo. Akalia: "Mayala, mnanifunga kama ng'ombe." Tukamrudisha ndani. Siku zilizofuata aliniuliza mara mbili kama mwezi wa sita umefika.

Alifariki tarehe kumi na tisa, mwezi huohuo wa Mei. Barua ya msiba nilimpa kondakta wa basi. Nilipoisoma yako ya Juni nikajua haikukufikia. Sikupata nguvu ya kuiandika mara ya pili, hadi leo.

Kigezo nimekata. Fundi alisema kweli, sipimi tena. Nimetengeneza viti vitano. Watu wananunua vya plastiki, na mimi sikukusudia kuuza. Zamani kiti kimoja kilinipitishia mwezi. Sasa ni siku nne tu, kisha nakaa nikitazama jua ambalo halitaki kushuka.

Usimuulize fundi tena. Ukipata nafasi, njoo uone kaburi. Hakuna haraka.

Baba yako,
Mayala